Bi Fundi Anajibu: Kiraka hakidai kushonwa, kinadai jibu

Mwezi uliopita nililalamika kwenye ukurasa huu kwamba nimekaliwa na viraka vya watu hadi nakosa usingizi. Kumbe sikuwa peke yangu. Simu imejaa barua, na nyingi zinahusu programu huria.

Kwa msomaji aliyeingia leo: programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Ukikuta hitilafu unaandika ripoti. Ukiweza kuitengeneza mwenyewe unatuma kiraka, yaani mistari ya msimbo uliyobadilisha, na mwenye mradi, tunayemwita mtunzaji, anaamua kukishona au kukirudisha. Wengi wetu watunzaji tunafanya usiku, bila malipo, kwa bando letu wenyewe.

*

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni kijana wa Makorora, hapa hapa Tanga. Mwaka 2021 niliandika programu ya kumsaidia mama yangu kutunza hesabu za kikoba chao: hisa, mikopo, faini za wanaochelewa. Nikaiweka wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, basi tu. Leo inatumiwa na vikoba vya Muheza, Pangani na Lushoto, na juzi nimepata ujumbe kutoka Mombasa. Mchana nauza vifaa vya umeme dukani kwa mtu. Nina ripoti 212 zilizo wazi na viraka 37 sijavigusa, cha zamani kina miezi 14. Kila nikifungua ukurasa naona aibu, nafunga. Wiki iliyopita mtu kaandika, "Huu mradi umekufa?" Mwingine, ambaye ametuma viraka vinne vizuri, anataka nimpe ufunguo, yaani ruhusa ya kuingiza viraka mwenyewe, anisaidie. Simjui hata sura. Nifanyeje?*
*Mtunza Daftari, Makorora*

Marahaba mwanangu, na pole na kazi.

Ngamiani, Barabara ya Tisa, palikuwa na fundi cherehani ambaye mama yangu alimpelekea vitambaa vya Idi. Mkono wake ulikuwa hodari, ila mdomo wake haukujua kusema hapana. Kila aliyekuja na kitambaa alipokelewa, kitambaa kikatupwa juu ya lundo. Ukienda kuuliza: "Njoo kesho." Mwaka ule tuliswali Idi na magauni ya mwaka jana. Mama hakumkasirikia kwa kutoshona. Alimkasirikia kwa ile njoo kesho, kwa sababu angesema mapema, tungevuka barabara tukampa fundi mwingine.

Wewe hata njoo kesho hukusema. Umenyamaza miezi 14. Mtu aliyekutumia kiraka hakudai kwamba lazima ukubali, msimbo ni wako. Anakudai jibu, na "hapana" nayo ni jibu. Ndiyo maana ningeanza na viraka 37 kabla ya ripoti 212: mwenye ripoti ametumia dakika tano, mwenye kiraka pengine ametumia usiku mzima.

Jumamosi moja, baada ya duka, kaa na hivyo 37 bila nia ya kushona hata kimoja. Andikia kila mtu mistari miwili. "Ahsante, nimekiona, samahani kwa kuchelewa. Hiki nitakisoma kabla ya mwisho wa mwezi." Au: "Ahsante, lakini sitaki programu ianze kutuma matangazo, kwa hiyo nakifunga." Utashangaa jinsi aibu inavyopungua ukifika cha kumi na tano. Watakaokutukana watakuwepo. Watakuwa wawili.

Vile vya zamani vitagoma kushonwa, kwa sababu msimbo umesogea tangu vilipotumwa na mistari inagongana. Hapa kuna ukatili mdogo tunaoufanya bila kujua: tunamwambia mtu aliyesubiri mwaka mzima, "tafadhali kirekebishe kiendane na toleo jipya," anahangaika nacho, kisha tunanyamaza tena. Usimwombe hivyo kama huna hakika utakisoma wiki ile ile. Kama kiraka ni kidogo na kizuri, tatua mgongano mwenyewe, na jina lake uliache. Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, hutenganisha aliyeandika badiliko na aliyeliingiza, kwa hiyo kazi itabaki na jina la mwenyewe hata kama mkono wa mwisho ulikuwa wako.

Sasa ripoti. Usianze na ya zamani kuliko zote. Foleni ni haki kwenye benki, siyo kwenye hitilafu. Programu yako inashika pesa za akina mama, kwa hiyo tafuta kwanza kila inayosema hesabu imekosea, mkopo umepotea, mtu ameona daftari la kikoba kisicho chake. Hizo zitoe kando, hata zikiwa tatu tu, na usilale kabla hujazigusa. Zinazofanana ziunganishe. Nakuhakikishia utakuta watu kibao wanalalamikia jambo moja kwa maneno tofauti: "haifunguki," "inaganda," "inaonyesha weupe," na wote simu zao zimejaa. Zisizoeleweka uliza mambo manne: toleo gani, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, ukaona nini. Asipojibu baada ya mwezi, funga, na umwambie kwamba akirudi na majibu utaifungua.

Kuna miradi inaweka roboti ya kufunga kila ripoti iliyokaa siku kadhaa bila mtu kuandika. Mimi siipendi. Hitilafu haiponi kwa kunyamaziwa, na mtu aliyeandika maelezo mazuri akijibiwa na mashine kwamba suala lake limechacha, harudi. Bora ufunge kumi kwa mkono wako, na sababu, kuliko mia kwa roboti.

Ripoti nyingine ni halali kabisa na hazitatengenezwa milele, na hilo nalo liseme. Mimi natunza kipande kidogo cha programu kinachogeuza saa za kompyuta kuwa saa zetu: 07:00 kinaandika saa moja asubuhi, 13:00 kinaandika saa saba mchana. Ripoti iliyonitesa kuliko zote iliuliza "usiku wa Ijumaa" ni usiku upi. Wazee wa hapa watakuambia bila kufikiri: ni ule wa kuamkia Ijumaa, siku ikianza jua likizama. Wajukuu wao watakuambia ni Ijumaa baada ya magharibi. Nilipokea viraka viwili, kila kimoja kikisahihisha kingine! Ripoti ile ilikaa wazi miaka mitatu kwa sababu nilikuwa nasubiri ukweli utokee. Siku moja nikaandika: wote mko sahihi, kipande hiki hakitataja usiku wa siku yoyote, kitaandika tarehe. Nikafunga. Hakuna aliyelalamika.

Lakini usije ukatoka hapa ukakimbilia kushona. Nikupe aibu yangu.

Ilikuwa Ramadhani, nimetoka tarawehe, umeme umerudi saa tano usiku, nina viraka tisa nataka vyote viishe. Kimoja kilitoka kwa mtu wa mbali, mwenye adabu zake, akieleza kwamba kipande changu kina "kosa la saa sita" na yeye amelitoa. Kwake 06:00 kuandikwa saa kumi na mbili ilikuwa hitilafu ya wazi. Mistari miwili tu. Majaribio yote, yaani msimbo mdogo unaokagua kama programu bado inatoa majibu sahihi, yanapita. Bila shaka yanapita: alikuwa amebadilisha na majaribio. Nilisoma kichwa, nikaona "yamepita", nikabonyeza.

Kampuni moja ya mabasi ilikuwa ikitumia kipande changu kuwaandikia abiria ujumbe wa simu. Ikachukua toleo jipya. Basi la saa kumi na mbili asubuhi likatangazwa kuwa la saa sita. Mama mmoja alinipigia akiwa stendi ya Kange saa tano na nusu, ana begi na ndoo ya samaki wa kukaanga wa mwanawe, basi lake linakaribia Kibaha. Namba yangu alipewa na kijana wa ofisini. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe ndiye unayepanga saa?" Nauli yake nililipa mimi.

Tangu hapo nina kawaida moja. Kiraka kinachoongeza jaribio jipya nakipenda. Kiraka kinachobadilisha jaribio la zamani ili lipite, hicho nakisoma asubuhi, na namwuliza mwenyewe kwa nini. Usiku hauna kazi ya kushona. Usiku ni wa kujibu tu.

Sasa huyo anayetaka ufunguo. Sisemi ni mwizi. Viraka vinne vizuri ni adabu kubwa kuliko maneno mengi. Lakini hebu uijue habari ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila kompyuta ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Ilikuwa na mtunzaji mmoja wa kujitolea, mchovu kama wewe. Mwaka 2022 watu wakaanza kumsukuma hadharani: viraka vinachelewa, mradi umekwama, mpe mtu mwingine. Naye akasema wazi kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba ile ni kazi ya kujifurahisha isiyolipwa. Wakati huo huo alikuwepo msaidizi mpole mwenye viraka vizuri, anayejiita Jia Tan. Akapewa nafasi. Mwaka 2024 ikagundulika kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalibeba mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu. Aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa akiutafuta. Aliona tu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali nayo, kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia. Na sehemu ya mtego ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo ambacho watu hupakua, haikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaiona.

Kwa hiyo yule aliyeandika "umekufa?" asikufanye ukatoa ufunguo kwa hasira au kwa haya. Hamishia mradi kwenye akaunti ya kundi, siyo yako binafsi, kwa sababu huko GitHub ina ngazi ya mtu anayepanga ripoti, kuziwekea alama na kuzifunga bila kugusa msimbo. Mpe hiyo. Ndiyo kazi inayokuumiza mgongo, na ndiyo itakayokuonyesha anavyozungumza na watu. Weka sharti kwamba hakuna kinachoingia tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa mradi, bila mtu wa pili kukisoma, na sharti hilo likubane na wewe. Kutoa toleo bakisha mikononi mwako, na kifurushi kijengwe na mashine moja kwa moja kutoka kwenye hazina, mtu asikikusanye kwa mkono. Akikaa miezi sita kwenye kupanga ripoti na bado yupo, mtazungumza. Mwenye haraka mno ya ufunguo atachoka mapema, na hapo utakuwa umejibiwa.

Kwa aliyeuliza kama mradi umekufa, mjibu. "Upo hai, mtunzaji ni mmoja, viraka nasoma Jumamosi." Uandike hivyo hivyo juu kabisa ya ukurasa wa mradi, mtu ajue kabla hajapoteza usiku wake. Kwa wengi hasira ni ya kutojua siku.

*

*Bi Fundi, shikamoo. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nyumbani Muheza. Nimetuma kiraka changu cha kwanza kwenye mradi mkubwa wa nje. Nimerekebisha hitilafu, nikapanga upya mafaili, nikabadilisha majina ya vigezo yaliyokuwa mabaya, nikaongeza na rangi nzuri. Mistari kama 1,900. Wiki ya tano hii hakuna aliyesema neno. Ni kwa sababu mimi ni Mtanzania?*
*Binti wa Muheza*

Marahaba binti yangu. Sitakuambia ubaguzi haupo. Lakini mistari 1,900 hata mimi ningeikimbia, na mimi ni jirani yako.

Umesikia wanavyosema mji wetu: Tanga, waja leo waondoka leo. Mtunzaji akiona mgeni ameshusha mzigo mkubwa mlangoni, swali la kwanza kichwani mwake ni hilo: huyu kesho atakuwepo? Kwa sababu akiushona, wewe ukiondoka, hitilafu zote za mistari ile ni zake yeye. Kiraka cha bure kina gharama, na mlipaji ni anayebaki.

Kivunje. Hitilafu peke yake, kiraka kimoja. Kupanga mafaili, kingine, na uulize kwanza kama wanataka. Rangi iache nyumbani. Watu wa kiini cha Linux wanashika sana sharti hili la badiliko moja kwa kiraka, na siyo ukorofi. Ikitokea hitilafu kati ya mabadiliko 1,000, amri ya git bisect inakata safu katikati, unajaribu, inakata tena, na kwa majaribio kama kumi umemshika aliyeharibu. Sasa ukimshika ukakuta ni kiraka chenye mambo manne ndani, umeshika nini?

Eleza pia kwa nini, siyo nini tu. Msimbo unaonyesha ulichobadilisha. Haukuonyeshi ulivyoumia mpaka ukabadilisha. Andika namna ya kuiona hitilafu kwa hatua tatu au nne, ili msomaji aione kwa macho yake kabla hajaona dawa.

Kuhusu kusubiri: maelekezo ya kiini cha Linux yanasema maoni huja kwa kawaida ndani ya wiki mbili tatu, na usikumbushe kabla ya wiki moja kupita. Tena wao wana majira. Milango ya kupokea mambo mapya hufunguliwa wiki mbili, kisha wiki kama saba ni za kutengeneza yaliyoharibika, na kiraka cha jambo jipya kikifika wakati huo kinasubiri. Wiki tano kwa hiyo si aibu kukumbusha. Mstari mmoja, bila kulaumu. Na hakikisha umempelekea anayehusika. Linux wana faili linaloitwa MAINTAINERS linalotaja kila sehemu inatunzwa na nani. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, hasomi kila kiraka, anapokea kutoka kwa wanaosimamia sehemu zao. Mradi wako nao pengine una kitu kama hicho, kitafute.

Na usiogope kuuliza swali moja zaidi hata ukidhani umejibiwa. Mwaka 2006 mtunza kifurushi wa Debian, mmoja wa mifumo ya jamii ya Linux, aliona mistari kwenye OpenSSL, programu ya kulinda siri za mawasiliano, inayosababisha onyo kwenye chombo chake cha ukaguzi. Akauliza kwa waandishi, jibu alilopata halikumzuia, akaitoa. Mistari ile ndiyo iliyokuwa ikichanganya namba zisizobashirika za kutengenezea funguo za siri. Mpaka inagundulika Mei 2008, karibu miaka miwili, mashine za Debian na Ubuntu zilikuwa zikitoa funguo chache kiasi cha mtu kuzihesabu zote na kuzijaribu. Kiraka kilikuwa kidogo kabisa, na nia njema.

*

*Bi Fundi, je, ni vibaya kutumia akili mnemba kutafuta hitilafu na kuandika ripoti? Nataka jina langu lionekane kwenye miradi mingi. Msaka Nafasi, Chumbageni.*

Kutumia si kosa. Kutuma usichokielewa ni kosa. Daniel Stenberg, Mswidi anayetunza curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani tangu 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizoandikwa na mashine: Kiingereza safi, zinatisha, na hitilafu yenyewe haipo. Kuikanusha moja ya namna hiyo kunakula saa za watu wanaojitolea. Kama hukuiona hitilafu kwa macho yako kwenye kompyuta yako, usiandike. Na jina litaonekana kweli, usiwe na shaka. Watunzaji wanakumbuka.

*

*Shikamoo. Kiingereza changu ni cha kuunga unga. Naweza kutuma ripoti kwa Kiswahili? Fundi Simu, Pangani.*

Marahaba. Kwenye mradi wa kijana wa Makorora hapo juu, ndiyo, na atashukuru. Kwenye mradi wa nje andika Kiingereza hicho hicho cha kuunga, sentensi fupi fupi: nilibonyeza hiki, nikaona hiki. Ongeza picha ya kioo na namba ya toleo. Ujumbe wa kosa unakili neno kwa neno kama ulivyotokea, usiutafsiri, kwa sababu mtunzaji atautafuta ndani ya msimbo kwa maneno yale yale.